Vidonge vya kuongeza damu kwa mjamzito: soma miligramu, boksi liache

Wifi yangu alitoka kliniki na namba 9.3 kwenye kadi, akapitia famasi moja hapa mjini Dodoma, na alipofika nyumbani alikuwa na mfuko wenye vitu vitatu. Chupa ya shira nyekundu. Boksi la kapsuli lenye picha ya mama ameshika tumbo anatabasamu. Na bahasha ya vidonge vidogo vya njano vya foliki, ile vitamini ya wajawazito. Jumla ilizidi shilingi 40,000. Kwenye mkoba mlikuwa na kitu cha nne, vidonge vya FEFO (chuma na foliki ndani ya kidonge kimoja) alivyopewa na nesi, ambavyo hata hakuvitaja.

"Na hivi?" nikamuuliza.

"Hivyo ni vya bure, wifi."

Alisema hivyo kama mtu aliyefunga kesi. Tukaifungua upya jioni ile, tukiwa tumekaa mezani, mimi na miwani yangu na yeye akiniangazia kwa tochi ya simu, kwa sababu yale maandishi ya pembeni ya boksi huchapwa kwa macho ya sisimizi. Mimi si daktari wala mfamasia. Nimebeba mimba mbili hapa hapa Dodoma, zote damu ikashuka, na nina tabia mbaya ya kusoma zile karatasi zilizokunjwa mara kumi ndani ya boksi la dawa. Niliyoyapata huko, na kwa manesi waliokuwa na subira nami, ndiyo haya.

Hiyo 9.3 ni nini

Unatobolewa kidole, tone la damu linaingia kwenye kimashine, namba inatoka. Sisi tunasema "damu yangu ni tisa" kana kwamba tunapima maji ya ndoo. Kinachopimwa ni himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, kwa gramu katika kila desilita ya damu. Kwa mjamzito, Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu kuanzia chini ya 11, na katika miezi mitatu ya katikati mpaka huo unashuka hadi 10.5. Kuanzia 7 hadi 9.9 huitwa upungufu wa wastani. Chini ya 7 ni upungufu mkali, na huyo hana cha kuchagua famasi: ni hospitali, siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa yule anayehema akiwa amekaa, moyo unamwenda mbio bila kazi, au anazimia, hata kama hajapimwa.

Kushuka kidogo ni kawaida ya mimba. Maji ya damu yanaongezeka karibu nusu ya yalivyokuwa, lakini chembe nyekundu hazikimbii kwa kasi hiyo. Ni mchuzi ulioongezwa maji baada ya wageni kubisha hodi: nyama ni zile zile na zaidi kidogo, ila sufuria imejaa. Ndiyo maana mjamzito anapewa mpaka wa 11 wakati mwanamke asiye na mimba anapewa 12.

Tatizo ni pale nyama zenyewe zinapokwisha. Mimba moja, kuanzia mwanzo hadi kujifungua, inadai karibu gramu nzima ya chuma, madini yanayotengeneza himoglobini, yaani miligramu 1,000. Sehemu kubwa inakwenda kutengeneza chembe nyekundu za mama mwenyewe, kama miligramu 300 zinakwenda kwa mtoto na kondo la nyuma, nyingine ni matumizi ya kila siku ya mwili. Na deni hili halilipwi sawasawa. Miezi ya mwanzo ni kidogo, halafu kuanzia mwezi wa nne na wa tano mwili unataka kama miligramu 6 kila siku zilizokwishafyonzwa, si zilizoliwa tu. Wengi wetu tunaingia kwenye mimba ghala likiwa tayari tupu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta upungufu wa damu kwa asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49, na kwa wajawazito ikafika 57. Kwa hiyo wifi yangu hakuwa na jambo la ajabu. Alikuwa upande wa walio wengi.

Karanga na maganda yake

Hapa ndipo fedha zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chuma hakiingizwi kwenye kidonge kikiwa peke yake. Hufungwa na kitu kingine ili kikae na kiyeyuke, na namba kubwa iliyochapwa mbele ya boksi mara nyingi ni uzito wa vyote viwili. Ni sawa na kununua karanga za maganda kwa kilo: maganda nayo umeyalipia. Unachotaka kujua ni punje, yaani chuma halisi. Kwenye boksi zuri utaikuta pembeni au nyuma kwa Kiingereza, elemental iron, ikifuatiwa na miligramu. Boksi lisilosema hivyo mahali popote, mimi nalirudisha kaunta.

Kidonge cha ferasi salfeti cha miligramu 200, kile cha kawaida kabisa, kina chuma halisi kama miligramu 65. Ferasi fumareti ya 200 nayo inakaribia hapo hapo. Ferasi glukoneti ya 300, ambayo kwa namba ya mbele inaonekana kubwa kuliko zote, ina kama 35 tu. Ukimeza kimoja cha glukoneti ukidhani umewazidi wenzako wa salfeti, umepata nusu yao.

Shira ya wifi ndiyo iliyotuchekesha, ingawa kicheko chenyewe kilikuwa cha uchungu. Lebo ilisema miligramu 160 za sitreti ya chuma na amonia kwa kila mililita 15. Aina hiyo ina chuma karibu moja ya tano ya uzito wake. Yaani vijiko vitatu vya chai vinampa miligramu 30 na ushee, tena za chuma cha feriki, ambacho mwili hukipokea kwa shida kuliko kile cha ferasi. Chupa ilikuwa ya mililita 200. Kwa dozi moja kwa siku, inakwisha siku ya 13.

Halafu tukageuza pakiti ya FEFO, "vya bure". Chuma halisi takriban miligramu 60 kwa kidonge, na foliki ndani yake. Nesi alikuwa ameandika viwili kwa siku, na hakubahatisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa mjamzito asiye na tatizo ni miligramu 30 hadi 60 za chuma halisi kila siku pamoja na foliki miligramu 0.4, na panapokuwa na upungufu mkubwa katika jamii, kama kwetu, wanapendelea 60. Aliyekwisha kupimwa akakutwa na upungufu anapandishwa hadi 120 kila siku mpaka damu irudi, halafu anashushwa kwenye dozi ya kawaida. Viwili vya 60 ni 120. Hesabu ilikuwa imeshafanywa kabla wifi hajatoka kliniki.

Je, dawa za bei hazina maana? Zina maana kwa baadhi ya watu, na ni vizuri kujua kwa nani. Kapsuli zake zilikuwa za chuma cha polimaltosi, miligramu 100. Aina hii ni ya feriki lakini imefungwa kwenye sukari ndefu, kwa hiyo haichokozi tumbo sana, haisumbuliwi mno na chakula, na humezwa pamoja na mlo au mara baada yake. Upande wa pili, damu huwa inapanda taratibu kuliko kwa salfeti. Kwa mtu aliyejaribu FEFO kweli kweli akatapika kila siku, hiyo ni njia ya kuongea na daktari. Kwa mtu ambaye hajameza hata kimoja, ni kulipia suluhisho la tatizo asilonalo.

Ipo pia bisglisineti, ambayo watu wanaisifu kwa upole. Kuna utafiti uliofanywa Denmark kwa wajawazito ambapo miligramu 25 za aina hiyo zilikinga sawa na 50 za salfeti, na malalamiko ya tumbo yakawa machache. Lakini walikuwa wakikinga wanawake wasio na upungufu, hawakuwa wakitibu mtu mwenye 9. Kuna vidonge vilivyofunikwa ili viyeyuke polepole. Vinatangazwa kama rafiki wa tumbo, na ni kweli, ila chuma kinafyonzwa mwanzoni kabisa mwa utumbo mwembamba, na kidonge kinachofunguka mbele zaidi kimeshapita kituo chake. Abiria wa Kibaigwa akishushwa Morogoro, nauli umelipa lakini hujafika.

Na zile vitamini za wajawazito zinazoletwa na shangazi kutoka nje? Nyingi zina chuma cha miligramu 27 hivi, kinachotosha kumtunza mtu mzima wa afya, hakitoshi kumtibu mwenye upungufu. Za kutafuna kama pipi kwa kawaida hazina chuma kabisa, maana chuma kinaharibu ladha. Vilevile kuna vidonge vya virutubisho mchanganyiko vya wajawazito, vile vyenye vitamini na madini 15, ambavyo Shirika la Afya Duniani liliviingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Ni vizuri, lakini chuma chake ni 30. Ukipewa hivyo na damu yako iko 9, muulize nesi kama kuna cha kuongezea.

Jambo la lebo na usajili nitaligusa tu. Tangu 2019 dawa ziko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ambao makao makuu yao yako hapa hapa Dodoma, na vyakula vikahamia TBS, shirika la viwango. Bidhaa iliyosajiliwa kama kirutubisho cha chakula si lazima iwe mbaya, ila usiitegemee kama dawa ya kutibu.

Vile vya njano

Hivi ndivyo vilivyonitia wasiwasi kuliko shira. Foliki ya njano inayouzwa kwa bei ya kutupa kwenye maduka ya dawa muhimu mara nyingi ni ya miligramu 5. Mjamzito anahitaji 0.4, ambayo tayari imo ndani ya FEFO. Tano ni zaidi ya mara kumi.

Mtu atasema vitamini hazizidi, mkojo utatoa. Shida ni SP, vile vidonge vitatu unavyomezeshwa kliniki mbele ya nesi kukukinga na malaria, kuanzia miezi mitatu ya katikati. SP inamuua kimelea wa malaria kwa kumnyima foliki. Ukijaza foliki ya miligramu 5 kila siku, unamlisha yule unayetaka kumwua kwa njaa. Ndiyo maana mwongozo unasema foliki ya kiwango hicho isitumiwe pamoja na SP. Wapo wanawake wanaohitaji miligramu 5 kweli, kwa mfano aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, au mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ambaye daktari ameamua hivyo. Hao wana daktari anayejua. Wifi hakuwa mmoja wao. Alikuwa ameuziwa tu kwa sababu "inaendana na dawa ya damu".

Kumeza ni kazi kuliko kununua

Nitasema ukweli ambao matangazo hayasemi: chuma kinachukiza. Mimba ya kwanza nilikuwa nikikimeza asubuhi tumbo tupu kama ilivyoandikwa, na saa nne nikawa nimeinamia karo. Nikaacha kimya kimya. Kila nikienda kliniki nikiulizwa "unameza?" najibu "nameza". Najua si mimi peke yangu. Vidonge vingi vya FEFO hapa mjini vinazeeka kwenye droo.

Tumbo tupu ndiko kunakofyonza vizuri zaidi, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Lakini kidonge kilichomezwa na chakula kidogo usiku kina faida kuliko kilichotapikwa asubuhi. Mimba ya pili nilimeza nikienda kulala, baada ya kipande cha kiazi kitamu, na nikafika mwisho. Kufunga choo kupo. Maji, matunda, mboga za majani, kutembea. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke, ni chuma kilichobaki. Kikiwa cheusi kama lami, kinanata na kinanuka vibaya isivyo kawaida, hiyo inaweza kuwa damu, nenda kapimwe.

Kinachoiba dawa yako ni chai. Si utani. Chai ya rangi na ya maziwa, na kahawa, zina vitu vinavyokamata chuma tumboni kabla hakijaingia mwilini, na sisi wa kanda hii tunameza dawa na chai kama ni sheria. Acha saa moja hadi mbili katikati. Maziwa nayo, kwa sababu ya kalsiamu. Kwa mama wa Kigogo anayekula ugali na maziwa mgando mchana, kidonge kihame kiende usiku. Maziwa yasiachwe, maana yana kazi yake. Vidonge vya kalsiamu kama umeandikiwa, na vile vya magnesiamu tunavyotafuna kwa kiungulia, vipishane na chuma kwa saa mbili au zaidi.

Anayetumia dawa za VVU zenye dolutegravir awe makini kidogo, kwa sababu hapa ni chuma kinachoiba dawa nyingine. Njia rahisi ni kumeza vyote pamoja na mlo. Kama si pamoja na mlo, basi dolutegravir itangulie saa mbili kabla ya chuma au ifuate saa sita baadaye. Mweleze anayekupa dawa kwamba unatumia vyote viwili.

Vitamini C inasaidia chuma kupita, ndiyo maana watu wanasema meza na juisi ya chungwa. Ni sawa, ila huna haja ya kununua vidonge vya vitamini C. Mji wetu umezungukwa na mibuyu. Unga wa ubuyu uliokorogwa kwenye maji, bila kumwaga sukari yote ya dukani humo, unafanya kazi hiyo.

Kisha kuna swali la kila siku au siku moja moja. Watafiti wa Zurich waligundua kwamba ukimeza chuma leo, mwili unatoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo inafunga mlango wa utumbo kwa takriban saa 24. Kidonge cha kesho asubuhi kinakuta mlango umeegeshwa. Kwa wanawake waliopimwa, kumeza siku moja na kuruka moja kulifyonzwa vizuri zaidi kwa kila kidonge, na kugawa dozi asubuhi na jioni hakukuongeza kitu. Jambo zuri. Lakini wanawake wale hawakuwa wajawazito, na mjamzito ana wiki chache za kulipa deni kubwa, kwa hiyo kliniki zetu zimebaki na kila siku. Binafsi naona habari hii inamfaa yule ambaye tumbo limemshinda kabisa: badala ya kuacha kimya kimya kama mimi, amwambie nesi, "Kila siku siwezi, siku moja moja naweza." Hilo ni swali halali. Na inatufundisha kwamba kurundika haisaidii. Wifi angemeza FEFO mbili, kapsuli na shira, angefika miligramu 250 kwa siku. Damu isingepanda mara mbili. Tumbo ndilo lingefunga mara mbili.

Isipopanda

Dawa inayofanya kazi haikai kimya. Baada ya wiki mbili hadi nne za kumeza kweli, namba inapaswa kusogea. Kupanda kama 1 kwa mwezi ni dalili njema. Isiposogea, watu hukimbilia kubadili boksi. Swali la kwanza ni kama ulimeza. Swali la pili ni kama tatizo lako ni chuma.

Kimashine cha kidole hakijui kwa nini damu imepungua, kinajua imepungua tu. Safura, minyoo ile midogo inayoingilia nyayo na kunyonya damu tumboni, ni sababu ya zamani, na jina hilo hilo hutumika pia kwa ugonjwa wa kukosa damu wenyewe. Ndiyo maana kliniki wanakupa dawa ya minyoo baada ya miezi mitatu ya kwanza. Kichocho pia, kwa waliokulia kwenye mabwawa na mifereji ya mpunga. Malaria inavunja chembe nyekundu. Selimundu ni suala jingine kabisa: mwenye nayo anaweza kuwa na damu 8 huku ghala la chuma limejaa, hasa kama amewahi kuongezewa damu mara nyingi, na kumrundikia chuma bila kupima ni kumdhuru. Kipimo kinachoonyesha ghala ni feritini. Kwenye zahanati nyingi hakipo. Hospitali kubwa kinaweza kufanyika. Ukiambiwa uende General au Benjamin Mkapa kwa sababu damu haipandi, si kwamba nesi amekuchoka.

Halafu udongo. Najua. Unauzwa sokoni Majengo umepangwa vizuri kama keki, na harufu yake mvua ikinyesha mtu mwenye mimba anaifahamu. Ile hamu yenyewe mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma, na ukila, udongo unashika chuma kilichomo tumboni unatoka nacho. Unakula kwa sababu huna chuma, na unakosa chuma kwa sababu unakula. Usimgombeze mtu kwa hilo. Hamu hiyo kwa wengi inapungua yenyewe chuma kikirudi.

Kama vidonge vimeshindwa kweli, au mimba imekwenda mbali na damu iko chini, hospitali wanaweza kukupa chuma kwa dripu, kinachoingia kwenye mshipa. Hakitolewi miezi mitatu ya kwanza, na kinatolewa mahali penye watu wa kukuangalia, kwa sababu mara chache mwili unakikataa ghafla. Kuongezewa damu ni hatua nyingine, ya dharura, na haina uhusiano na boksi lolote la famasi.

Rozela

Hamtaniacha niondoke bila hili. Wekundu wa rozela si chuma. Ni rangi ya ua, kama wekundu wa bitiruti ni rangi ya mzizi. Juisi ya rozela ni kinywaji kizuri, ina uchachu, ila glasi moja haina chuma cha kumtoa mtu kwenye 9. Nimekunywa ndoo nzima mimba ya kwanza, nilipokuwa nimeacha vidonge, na kadi yangu ina ushahidi.

Chakula chenye chuma kinachoingia kwa urahisi ni nyama, samaki, dagaa, kuku. Nusu kilo ya mbuzi wa mnada wa Msalato siku ya Jumamosi, ikigawanywa kwa siku, inafanya kazi ambayo fungu kubwa la mboga halifanyi. Mlenda, majani ya kunde, mtama na uwele vina chuma, lakini kimefungwa na vitu vya kwenye nafaka na majani visivyokiachia kirahisi. Limau au ubuyu kwenye mlo huo huo unakilegeza, na unga uliochachushwa, kama wa togwa, unaachia zaidi. Maini yana chuma kingi, pia yana vitamini A nyingi kiasi kwamba Uingereza wanawaambia wajawazito wasiyale kabisa. Kwetu nesi atakwambia kula maini. Mimi nilikula kipande, si sahani, na si miezi ya mwanzo.

Wifi alipima tena baada ya wiki nne za FEFO mbili usiku, bila chai. Ilikuwa 10.5. Alinipigia akiwa bado kwenye benchi la kliniki, akaniuliza kama sasa anaweza kuacha. Hapana, nikamwambia, kafika mlangoni tu: ataendelea mpaka avuke 11, halafu dozi ya kawaida mpaka kujifungua, na baada ya hapo wiki kadhaa nyingine, nesi atamwambia ngapi, maana kujifungua kwenyewe kunamwaga damu na ghala bado halijajaa.

Kapsuli alimwonyesha nesi, akaambiwa aziweke kando. Shira haikufunguliwa. Iko juu ya kabati langu, pamoja na zile kapsuli, mahali ambapo mwanangu wa mwisho hafiki hata akipanda kiti. Vidonge vya chuma vina rangi na mng'ao wa pipi, na vichache tu vinaweza kumwua mtoto mdogo. Marekani walilazimika kuweka onyo kwenye lebo mwaka 1997 baada ya watoto kufa. FEFO za wifi nazo zimepanda juu ya kabati lake. Kila usiku anamwita mume wake amshushie.